Skopu ya USB kwa fundi inverter: uzoefu wangu na Hantek 6022BE

Mi natengeneza inverter, chaja na amplifaya hapa Ngamiani, Tanga. Meza yangu ndogo na laptopu ipo tayari, kwa hiyo osiloskopu (chombo kinachochora umbo la umeme kwenye skrini) ya mezani sikuitaka, nikatafuta ya kuchomeka USB. Zikabaki mbili, PicoScope 2204A ya Waingereza na Hantek 6022BE ya Wachina. Ukisoma boksi tu utaona Hantek kashinda, wimbi la kasi ya 20 MHz kwa 10 MHz, ila angalia na sampuli, yaani vipimo inavyochota kuchora wimbi: Hantek inachukua milioni 48 kwa sekunde, Pico milioni 100. Sasa wimbi la 20 MHz ukiligawia sampuli milioni 48 linapata mbili na kidogo, hapo utaona umbo gani? Mi naihesabu ni skopu ya MHz 4 au 5, basi. Nikachukua Hantek kwa sababu ya bei, na inverter zetu hizi zinapiga kHz makumi tu, zinaenea humo.

Inaponilipa ni kwenye bodi za SG3525, ile IC inayotoa mapigo ya kuwasha na kuzima mosfeti (transista za swichi). Mita inakupa volti za wastani, umbo haikwambii. Hapa naweka chaneli moja pini 11 nyingine pini 14, natakiwa nione mapigo ya mraba yanapishana, upande mmoja ukilala au ukiwa na mabega najua mosfeti au rizista ya geti (mguu unaopokea mapigo) ya upande ule ndo mchawi, na nimejua kabla sijaunguza mosfeti mpya za mteja. Probu (waya wa kupimia) iwe x10 lakini, yaani igawe volti kwa kumi, maana kwa x1 mwisho wake ni volti 5 juu na 5 chini na geti inafika kama 12. Na probu yenyewe uirekebishe kwanza na ile 1 kHz iliyopo kwenye skopu, zungusha kiskrubu mpaka mraba uwe mraba.

Programu natumia OpenHantek6022, ya bure, Linux na Windows inakubali.

Kinachoudhi skopu hii haina AC coupling, yaani kuzuia DC na kupitisha mabadiliko tu. Unataka kuona ripo (mawimbi madogo) ya milivolti 50 juu ya volti 12, ukiwa x10 kwenye renji kubwa unagawa volti 100 kwa hatua 256 (ni biti 8), hatua moja karibu volti 0.4, ripo huioni ng'o. Dawa yake natia kapasita ya 0.1 maikrofaradi mbele ya probu, naweka x1, DC inabaki nje ripo inapita. Pico hiyo kitu inayo ndani.

Sasa wakuu, ethi. Klipu ya mamba ya probu imeungana moja kwa moja na negativu ya USB, na laptopu ikiwa kwenye chaja ya pini tatu basi imeungana na ethi ya nyumba. Ukiibana kwenye negativu ya kapasita kubwa ya pawa saplai upande wa umeme wa 230, umepiga shoti. Kuna wanaosema chomoa chaja tumia betri, sawa shoti hamna, ila bodi ya laptopu nzima inaelea na umeme ambao kilele chake ni kama volti 325 na wewe mkono uko kwenye kibodi. Upande ule unataka probu ya difareshia (inayopima kati ya nukta mbili bila kuunga ethi), mi sina, kwa hiyo skopu yangu inaishia sekondari (upande wa transfoma wa volti ndogo) na upande wa betri, huko kwingine napima kwa mita.