Miche ya "kasuku wa Kongo" Bukavu: mmea mzuri, kibao kinapotosha

Kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Bukavu, mche unauzwa faranga 5000, ndani ya kifuko cheusi. Miche yenyewe ni mizima: shina nene lenye maji, majani hayana madoa, mizizi haijajizungusha chini ya kifuko. Kwa bei hiyo, nunua.

Lakini usifuate kibao. Kimeandikwa "Kasuku, ua la Kongo, jua kamili." Jina la kitaalamu ni Impatiens niamniamensis, ulilopewa na Mjerumani Ernst Gilg mwaka 1909. Impatiens ni Kilatini, "asiye na subira": tunda lililoiva ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu. Niamniam ni jina la dharau walilobandikwa Wazande wa kaskazini mwa nchi yetu, na halifai kabisa kuitiwa ua sokoni. "Kasuku" linatosha, maana ua jekundu na njano limepinda kama mdomo wa ndege huyo.

Na Kongo si kwao peke yake. Porini unaota toka Kamerun hadi magharibi mwa Kenya, kusini hadi Angola, chini ya miti, penye unyevu. Ndiyo maana "jua kamili" linaua. Saa sita mchana majani yanalegea, kesho yake kingo zimeungua. Mnunuzi anadhani ni kiu, anazidisha maji, na shina linaoza pale linapotokea udongoni. Uweke barazani, upate jua la asubuhi tu. Chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu hadi kiungo cha kwanza, mwagilia. Kiangazi, Juni hadi Agosti, geuza majani uangalie chini yake. Ukiona utando mwembamba, ni utitiri, wadudu wadogo sana, uoshe mmea kwa maji.

Kibao hichohicho kimewekwa pia kwenye Impatiens walleriana, mmea wa Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Ua lake ni bapa, na mkia mwembamba kama uzi. La kasuku ni kifuko kilichovimba, limeota kwenye shina lenyewe. Mche usio na ua, uache.

Ukipata wa kweli, mmoja unatosha. Kata kipande cha sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea shinani, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wa mto uliolowana, kivulini. Baada ya wiki 2 au 3 kivute polepole: kikikataa kutoka, kimeshika mizizi.