Kuokota maganda ya shotigani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Raundi moja ya visahani vya udongo, zile shabaha zinazorushwa hewani, ni risasi 25. Piga raundi nne asubuhi moja na nyuma yako kuna maganda 100, kila moja refu kama kidole cha kati: plastiki juu, kitako cha chuma au shaba chini. Mvua haiyaozeshi. Jua ndilo linayapausha, yanakauka na kumeguka vipande vidogo ambavyo hakuna fimbo wala sumaku ya kuvikusanya. Ndiyo maana yanaokotwa siku ileile, na anayeyaokota ni aliyeyapiga.

Kwa miaka kadhaa nimenunua karibu kila kifaa kinachouzwa kwa kazi hii, na vingine nimeshavigawa. Nimevipanga kwa swali moja tu: kinadaka ganda kabla halijafika chini, au kinakuja baadaye kulitafuta majanini? Chenye kudaka kinatangulia, maana ganda la kijani likishaingia kwenye majani ya kijani unaweza kulikanyaga mara tatu usilione.

Kabla hujatoa pesa, itazame bunduki yako inavyotema. Bunduki ya marisau (zile punje ndogo za metali) inayokunjika katikati, kama haina kitemeo, yaani springi ya kurushia ganda nje, huinua ganda kidogo tu nawe unalitoa kwa vidole, kwa hiyo tatizo la kuokota huna kabisa. Yenye kitemeo hulirusha nyuma, karibu na bega lako, lakini ukizoea kuweka kiganja juu ya matundu ya mitutu yake miwili wakati unaikunjua, yote mawili yanabaki mkononi. Bunduki ya pampu hulitoa pale unapovuta nyuma kishikio chake cha mbele, na ukivuta taratibu linaanguka karibu na miguu. Nusu-otomatiki, inayotema yenyewe kila ikilia, haina subira. Hulirusha mita kadhaa, nyingi kwa upande wa kulia, mara nyingine likampata jirani shavuni likiwa bado na joto.

Wa kwanza: mfuko wa kiunoni wenye vyumba viwili

Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja, nunua huu. Chumba cha mbele kinabeba boksi moja la risasi 25, cha nyuma ni cha maganda matupu, na chini yake pana wavu ili mchanga na masizi yapite. Mifuko mizuri ina zipu chini ya hicho chumba cha nyuma: unasimama juu ya ndoo, unafungua, maganda yote yanashuka kwa mkupuo.

Dukani, angalia mdomo wa mfuko kwanza. Uwe na waya au ukingo mgumu unaoufanya ubaki wazi wenyewe. Mfuko laini hujifunga kila unapoinama, nawe ukiwa na bunduki mkono mmoja huna mkono wa ziada wa kuufungua. Kisha angalia matundu ya wavu. Ganda la geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikipanda, mtutu ni mwembamba zaidi) lina upana wa milimita 20 hivi, lakini la .410, aina nyembamba, lina kama milimita 12 tu, kwa hiyo wavu wenye matundu makubwa utakuvujia ukibadilisha bunduki. Mwisho ni mkanda: mpana, wenye kifungo unachoweza kukifungua ukiwa umevaa glovu.

Vile vyumba viwili ni suala la usalama hasa, na hapa naomba usiharakishe. Siku moja ya manyunyu nilikuwa nimetia kila kitu kwenye mfuko mmoja wa koti, nzima na tupu pamoja. Niliita kisahani, nikalenga, nikavuta, kimya. Nikasubiri bunduki ikiwa imeelekea mbele, nikaifungua: ganda tupu, mdomo wake umechanua kama ua. Mimi mwenyewe ndiye niliyelirudisha kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Risasi nzima ya geji 12 yenye marisau ya gramu 28 inakaribia gramu 40, na ganda tupu ni kama gramu 7, hivyo mkono mkavu ungetambua. Mkono wangu ulikuwa umelowa na baridi, haukutambua kitu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kuchanganya geji. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza mbele ya chemba na kukwama ndani ya mtutu. Ukitia ya 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu hupasuka. Ndiyo sababu za geji 20 kwa desturi hutengenezwa rangi ya njano. Kama unapiga geji zote mbili, nunua mifuko miwili ya rangi tofauti, na uumwage kila mmoja kabla ya kuuvaa tena.

Wa pili: kibanio cha ubavuni, kwa wenye nusu-otomatiki tu

Ni kipande kidogo kinachokaa kwenye dirisha la kutemea na kulizuia ganda lisiruke. Unapiga, ganda linabaki limebanwa pale, unalichukua kwa vidole na kulitia mfukoni. Kwa mtu anayepiga kisahani kimoja kimoja ni kifaa cha thamani sana, na walio kulia kwake watamshukuru. Visahani viwili vikirushwa pamoja hakifai, maana unahitaji risasi ya pili mara moja na lile ganda limekaa njiani. Hakikisha kimetengenezwa kwa aina yako ya bunduki, na kwa upande inaotemea. Kinachodaiwa kutosha zote, mara nyingi hakiitoshi hata moja vizuri.

Wa tatu: fimbo

Fimbo huja kwa namna mbili, na wanunuzi wengi hukosea hapa. Ya sumaku ni nyepesi na ya haraka: unaigusisha kitako, unainua, unavuta kishikio maganda yanadondoka ndani ya ndoo. Lakini inategemea kitako kiwe cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kama kilivyo kwenye risasi nyingi za bei nafuu. Kitako cha shaba halisi hakishikwi na sumaku, cha alumini vilevile. Nilinunua ya kwangu nikaifurahia wiki kadhaa, kisha nikabadilisha aina ya risasi, ikawa fimbo ya kutembelea. Chukua sumaku yoyote ndogo uijaribu kwenye maganda unayotumia sasa, kabla ya kununua.

Ya makucha hubana mwili wa ganda au huingia mdomoni mwake, bila kujali kitako ni cha nini. Ni ya polepole, ganda moja kwa wakati, lakini haichagui. Naipendelea hii. Epuka yenye ncha kali inayotoboa plastiki ikiwa wewe au mwenzako mnajaza risasi upya, kwani ganda lenye tundu limekwisha kazi. Urefu pia upime: ukisimama wima, mkono ukining'inia, ncha ifike chini bila mgongo kupinda. Fupi kuliko hapo ni kujitesa.

Wa nne: kapu la waya linalobingirika

Ni lile kapu la mviringo lenye mpini, ambalo wengine hulitumia kuokotea njugu na matunda magumu. Unalisukuma, nyaya zinatanuka, ganda linaingia halitoki. Kwenye nyasi fupi na ardhi tambarare ni la ajabu, na msimamizi wa uwanja asikose nalo. Kwenye majani marefu au kokoto ni bure. Nafasi kati ya nyaya lazima ziendane na unene wa ganda, kwa hiyo nenda dukani na maganda mawili matatu mfukoni ulijaribu sakafuni.

Turubai nimelipa nafasi ya mwisho, ingawa ni rahisi kulipata na mwenye pampu anaweza kulipandisha ngazi. Litandaze upande ganda linapoangukia, kamwe lisiwe chini ya miguu yako. Plastiki yenye umande huteleza, nawe umeshika bunduki yenye risasi.

Baada ya kuokota

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko huchukua karibu maganda 500 yakimwagwa ovyo. Inatosha, huhitaji chombo cha kifahari. Unachohitaji ni kutenganisha.

Kwanza kabisa, risasi zilizogoma. Ukivuta na isilie, weka mtutu kuelekea mbele kwa sekunde 30 au zaidi, kwani baruti inaweza kuchelewa kushika. Kisha itoe na umkabidhi msimamizi wa uwanja. Isiingie kwenye ndoo ya maganda wala pipa la taka, hata mara moja.

Maganda yaliyo salama na ya aina moja, wajazaji watayataka. Tazama mdomo: mikunjo yake, sita au minane, isiwe imepasuka wala kuungua, na fataki, kile kidonge kinachowasha baruti, isiwe inacheza kitakoni. Wao hufuata vipimo vya baruti vilivyoandikwa kwa kila aina ya ganda, kwa hiyo mchanganyiko wa aina kumi hauwasaidii. Uliza pia kanuni za uwanja. Vipo viwanja vinavyosema ganda likigusa ardhi ni mali ya uwanja, na zipo sehemu ambako maganda huhesabiwa na kurudishwa.

Yaliyobaki yana shida moja: plastiki na metali zimeshikana. Pipa la chupa za plastiki halitayapokea, na mnunuzi wa vyuma chakavu atataka uhakika kwamba hakuna risasi nzima ndani. Ongea naye kwanza, umwage yote mbele yake, ikibidi ukate vitako. Usiyachome. Moshi wa plastiki ni mbaya, na inatosha fataki moja nzima iliyojificha ndani ya rundo kukuumiza.

Masizi ya fataki nyingi yana risasi, ile metali yenye sumu. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, usiyaoshe maganda kwenye sinki la jikoni, na mfuko wa maganda usibebe chakula hata siku moja.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna kifaa kati ya hivi kinachokidaka: kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, ambacho hutoka mtutuni na kuanguka mita nyingi mbele yako. Ukiweza, nunua risasi zenye vizibo vya nyuzinyuzi badala ya kikombe hicho, vinavyooza, mradi uwanja unaziruhusu. Kama za kwako ni za plastiki, ngoja bunduki zote zifunguliwe na kuwa tupu, msimamizi atangaze, kisha chukua ile fimbo ya makucha utembee mbele. Vingi ni vyeupe au vya rangi kali. Jua likiwa limeinama hung'aa, na dakika kumi zinatosha kujaza mfuko.