Kifurushi cha Kung'arishia Taa za Gari: Msasa Mzuri, Kinga Haba

Kifurushi hiki kinauzwa katika maduka ya spea ya Mwembe Tayari, Mombasa, nami nilikinunua kwa ajili ya Toyota Probox ambalo taa zake za mbele zilikuwa zimepiga manjano na kuingia ukungu mzito, kiasi kwamba nikirudi Nyali usiku kutoka Mtwapa nilikuwa siwaoni wapita njia wa kando ya barabara mpaka niwe nimeshawakaribia mno. Ndani ya boksi mna vipande vya msasa wa maji vya namba 800, 1500, 2000 na 3000 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), kichupa cha polishi, kitambaa laini, na pakiti moja ndogo yenye kitambaa kilicholowekwa dawa ya kukinga jua. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya jozi ya taa mpya. Naona kinastahili kununuliwa, ila hiyo pakiti ya mwisho, ambayo kwa mji kama Mombasa ndiyo yenye maana kuliko vyote vilivyomo, haitoshi.

Taa za magari ya siku hizi hufunikwa kwa plastiki ya polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haipasuki ovyo ikirukiwa na jiwe, lakini haistahimili miale ya urujuanimno ya jua. Ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mwembamba na mgumu wa kuikinga. Utando huo ukishaliwa na jua, plastiki iliyo chini yake huanza kugeuka rangi na kufifia. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, magari yetu mengi hushinda juani kutwa nzima, na mengi pia huteremshwa bandarini Kilindini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa, kwa hivyo utando humfikia mnunuzi ukiwa umeshapungua nguvu.

Hili si suala la urembo. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hii mwaka 2018 na kukuta kwamba zilizofifia, zikiwashwa katika mwanga wa chini, zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya, na kwamba kuzing'arisha kulirudisha mwanga hadi takriban asilimia 70. Kwa hivyo maneno ya kwenye boksi yanayoahidi taa kama mpya yamepita kiasi, ingawa anayetoka kwenye 22 kwenda 70 ataona tofauti kubwa barabarani.

Misasa yenyewe ni mizuri kweli. Kabla ya kuigusa, taa ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, kwa sababu chumvi ya bahari na mchanga vikibaki juu yake vitachora mikwaruzo ambayo namba 3000 haitaifuta, kisha rangi ya bodi inayoizunguka izibwe kwa utepe wa karatasi. Namba 800 ndiyo yenye kazi kubwa. Ukisugua huku ukimwagia maji, ute unaotiririka huwa wa manjano, na huo ndio utando wa zamani unaotoka; usiende namba inayofuata mpaka ute uwe mweupe mtupu taa nzima, hasa kwenye ukingo wa juu unaopigwa na jua zaidi. Hapo taa ikikauka itaonekana nyeupe kuliko ilivyokuwa mwanzo, na wengi huingiwa na hofu wakaacha. Endelea tu. Badilisha mwelekeo wa kusugua kila unapobadilisha namba, ili uone wazi kama mistari ya msasa uliotangulia imekwisha. Baada ya 3000 na polishi, plastiki hurudi kuwa angavu, na kazi ya taa zote mbili humaliza sehemu kubwa ya asubuhi.

Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, husugua taa zake kwa dawa ya meno, nazo hung'aa kwa muda mfupi. Dawa ya meno hukwangua kidogo tu na haiachi kinga yoyote, kwa hivyo ukungu hurudi upesi.

Kasoro hiyo hiyo ya kukosa kinga ndiyo inayokinyemelea kifurushi hiki. Kitambaa cha dawa kilitosha taa ya kwanza, lakini kwenye ya pili kilikuwa kimeshaanza kukauka, na baada ya miezi michache taa hiyo ya pili ikaanza kupiga manjano tena. Plastiki iliyosuguliwa haina tena utando wa kiwandani, na ikiachwa wazi kwenye jua letu huharibika haraka kuliko mara ya kwanza. Ushauri wangu ni kununua pakiti mbili za ziada za dawa hiyo, au kwenda kwa fundi wa rangi za magari akupulizie klia, yaani rangi angavu isiyo na rangi yake, yenye kinga ya jua. Ile inayochanganywa na kigandishi, dawa ya kuifanya iwe ngumu, hudumu zaidi, lakini mvuke wake unadhuru mapafu, basi mwachie fundi mwenye barakoa inayofaa. Vyovyote iwavyo, dawa ipakwe kivulini, taa ikiwa kavu kabisa, na isiwe siku ya mvua wala jioni yenye unyevu mwingi wa pwani.

Kuna taa ambazo kifurushi hiki hakiwezi kuzisaidia. Ikiwa ukungu uko upande wa ndani, au plastiki imepasuka nyufa nyembamba ndani kwa ndani, msasa wa juu hautaufikia ubovu huo, na fedha hizo ni afadhali ziwekwe kwa ajili ya taa nyingine. Ili kujua mapema, lowesha taa kwa maji na uitazame: ikionekana angavu ikiwa bado imelowa, ubovu uko juu na utasuguka; ikibaki na ukungu ule ule, usinunue.