Uzoefu wangu: nimetengeneza emulsheni ya picha bila jelatini

Emulsheni ni lile tabaka la karatasi ya picha linaloitikia mwanga, na kwa kawaida hushikwa na jelatini. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa muda mrefu situmii kitu cha mnyama, ila kwenye chumba cha giza nilikuwa najifanya sioni: kila karatasi ya picha niliyoisafisha ilikuwa imepakwa hiyo hiyo jelatini. Mwishowe nikanunua unga wa aina tatu: agari, gundi ya mgunga na polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini, ambayo kuanzia hapa naiita PVA.

Nilianza na agari kwa sababu inaganda, na nilidhani kuganda ndiyo kazi yote. Ni zao la mwani mwekundu, haina harufu, na bidhaa yenyewe haina kasoro. Niliichanganya na bromidi ya potasiamu, nikawasha taa nyekundu, nikadondosha nitrati ya fedha polepole huku nikikoroga. Mchanganyiko ukawa mweupe kama tui: hizo ni chembe za bromidi ya fedha, ndizo zinazoitikia mwanga. Nikafurahi mapema. Agari haiyeyuki mpaka maji yakaribie kuchemka, na ikishuka kwenye nyuzi 40 hivi inaanza kushikana. Kila nilipoimwaga juu ya kioo iliganda kabla sijaitandaza. Nilipoiweka kwenye joto zaidi ili nipate nafasi, chembe za fedha zikajikusanya mabonge na kutua chini ya chupa. Kioo kimoja tu kilitoka sawasawa, nacho nilipokitumbukiza kwenye dawa ya kusafishia (ile inayotokeza picha), tabaka lote likabanduka kama utando wa uji uliopoa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jelatini imeshika nafasi hiyo tangu Richard Leach Maddox alipoandika kuihusu mwaka 1871. Si gundi tu. Inazishika chembe za bromidi ya fedha moja moja zisigandamane. Inavimba majini bila kuyeyuka, hivyo dawa inapenya. Tena ina siri: mwaka 1925 Samuel Sheppard wa Kodak alieleza kwamba wepesi wa emulsheni kuitikia mwanga ulitegemea vijitone vya misombo ya salfa ndani ya jelatini, ya aina ile inayoipa haradali ukali wake. Anayeiacha jelatini anaziacha kazi zote hizo, na inabidi atafute wa kuzifanya.

Gundi ya mgunga sitaizungumzia sana. Ni nzuri kwa picha za rangi ya unga na dikromati (chumvi ya kromiamu, nayo ni sumu), lakini tabaka lake likikauka linayeyuka tena kwenye maji. Kwa kazi hii haifai.

PVA ndiyo iliyonipa picha. Kwanza, angalia unachonunua: gundi nyeupe ya mbao pia huitwa PVA, lakini ile ni polivinili asetati, kitu kingine kabisa. Pili, kuna madaraja. Ile inayoyeyuka kwenye maji baridi itakukimbia wakati wa kusafisha picha. Nilipoteza karatasi sita kwa kosa hilo. Chukua iliyohidrolishwa (yaani asetati yake imegeuzwa kuwa alkoholi) karibu yote, asilimia 98 au zaidi. Inataka maji ya nyuzi 90 na uvumilivu wa kukoroga, vinginevyo inabaki na madonge yanayoonekana kwenye picha kama macho ya samaki.

Chembe hazikutua. Hilo peke yake lilinitosha kuisamehe mengine. Ubaya ni kwamba PVA inazizuia chembe zisikue, kwa hiyo emulsheni inakuwa nzito kuona mwanga. Karatasi niliyoilaza chini ya negativu ilihitaji sekunde 40 za balbu, wakati ile yangu ya zamani ya jelatini ilitosheka na 4. Kuitumia kupigia picha ndani ya kamera, sahau. Tena haigandi yenyewe, kwa hiyo huwezi kuikata nyuzi nyuzi na kuiosha kama jelatini. Nitrati ya potasiamu, chumvi inayobaki bromidi ya fedha ikishatokea, inakwama ndani na mara nyingine inachomoza kama ukungu wa chumvi karatasi ikikauka.

Kilichonishangaza ni boraksi, chumvi ya boroni. PVA ikikutana nayo inakaza. Kwa kuwa dawa yangu ya kusafishia, D-76, ina boraksi, tabaka liliimarika humo humo badala ya kulegea. Kwenye dawa yenye magadi pembe zilinyanyuka. Nyeusi zake ni za baridi, zinaelekea bluu kidogo, na mimi nazipenda.

Vaa glavu na miwani. Nitrati ya fedha inatia ngozi weusi usiotoka kwa siku kadhaa, na ikiingia jichoni ni hatari kweli.

PVA naipa nyota nne kati ya tano kwa kuchapisha kwenye karatasi, moja kwa kamera. Agari haina kosa, nimeirudisha jikoni. Kama unachotaka ni picha tu bila jelatini na hutaki mateso haya, paka karatasi wanga wenye chumvi, kisha nitrati ya fedha, uiweke juani chini ya negativu. Ni polepole kuliko zote, lakini haibanduki.