Mwaka mmoja na ghala la mizigo ya ndege linalojiendesha: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mimi ni wakala wa mizigo. Napokea bidhaa za watu, naziandalia hati, nazifikisha uwanja wa ndege na kuhakikisha zimepanda ndege iliyokusudiwa. Nyingi ni vipuri vya mitambo, vifaa vya maabara na dawa zinazotaka baridi. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipeleka ghala la zamani, kisha huduma ikahamia jengo jipya lenye mitambo inayojiendesha, paneli za sola juu ya paa na mabango yenye picha za majani kila ukutani. Mwaka sasa umetimia na nimeshapitisha humo shehena za kutosha kusema lolote, zuri na baya.

Nianze na geti, kwa sababu huko ndiko tulikokuwa tunateketea. Ghala la zamani lilikuwa la anayewahi ndiye anayehudumiwa. Dereva anatoka saa sita usiku ili mzigo wake upokelewe alfajiri, na akifika anawakuta wenzake kumi na tano mbele yake waliotoka saa tano. Lori la kawaida linaweza kuzima injini likangoja. Lori la baridi haliwezi, kwa sababu mtambo wa jokofu ukizimwa, dawa zinaanza kupata joto. Kwa hiyo usiku kucha eneo zima linanguruma dizeli, si kwa kusafiri bali kwa kusimama.

Sasa unaweka miadi kwenye programu. Unapewa nusu saa yako na namba ya mlango, kamera inasoma namba ya gari getini, kizuizi kinainuka chenyewe. Uani wamefunga plagi za umeme kwa ajili ya malori ya baridi, dereva anachomeka, injini inazimwa, jokofu linaendelea. Ukiniuliza ni kitu gani cha kijani kweli pale, yaani cha kutunza mazingira, sitakuonyesha paa wala mabango. Nitakuonyesha zile plagi. Mzee wetu wa lori, ambaye foleni ilikuwa ndiyo kitanda chake, siku ya kwanza aliingia na kutoka ndani ya dakika 40, akanipigia simu kwa masikitiko: "Sasa mimi nitalala saa ngapi?"

Ila ukichelewa dakika 15, miadi imekufa, na programu haijui habari ya ajali iliyofunga barabara. Unarudi mwisho wa orodha kama mtu aliyezembea.

Ndani, mzigo unapita chini ya lango lenye mihimili ya leza. Kwa sekunde chache unapimwa urefu, upana, kimo na uzito, unapigwa picha, na msimbopau unasomwa. Hapa wengi wetu tuliumbuka mwezi wa kwanza. Kwenye ndege unalipia uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa, na ujazo hupatikana kwa kuzidisha vipimo vitatu kwa sentimita kisha kugawa kwa 6,000. Zamani karani alitupa jicho, akaamini ulichoandika, maisha yakaendelea. Leza haina urafiki. Wateja waliozoea kupunguza sentimita tano hapa na tatu pale sasa wanapata majibu palepale, na sisi mawakala tumeacha kuwa wapatanishi wa uongo wa watu. Hilo nalisifu bila kigugumizi.

Lakini leza nayo ina ujinga wake. Nilikuwa na mzigo mmoja wa vipuri juu ya paleti ya mbao: 120 kwa 80 kwa 100, kilo 140 kwenye mzani. Ujazo wake ni kilo 160, na ndivyo nilivyoandika. Skana ikasema kimo ni 112, yaani uzito wa kulipia uruke hadi kilo 179.5, ukishapandishwa kwenye nusu kilo inayofuata. Nikaitazama picha kwenye kioo, nikaikuza, nikaona: ncha ya nailoni ya kufungia, nyembamba kama karatasi, imesimama juu ya boksi kama unyoya wa jogoo. Mashine ilikuwa imeipima hewa iliyo chini ya ncha ile na kuihesabu kuwa shehena. Mtu yeyote mwenye macho angeisukuma kwa kidole. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitufe cha "omba msaada", nikakibonyeza, nikangoja dakika 50 mpaka akaja kijana mmoja mwenye fulana ya kung'aa. "Samahani sana, mama," akasema, akaikata ile ncha kwa wembe, mzigo ukapimwa upya. Mia kamili. Kumbe yuko peke yake zamu nzima kwa milango 20.

Hapo ndipo ilipo nyota yangu ya tano. Ghala hili halikupunguza kazi kama wanavyotangaza. Limeihamisha. Kazi iliyokuwa kwenye kaunta yao sasa iko kwenye meza yangu, na mimi naifanya kabla lori halijawashwa. Kila kitu kinatakiwa kifike kwa data kwanza: hati ya mzigo, orodha ya vifurushi, maelezo ya usalama. Ujumbe wa FWB, yaani hati ya mzigo iliyotumwa kwa data, ukiwa na herufi moja mbovu, mlango haufunguki.

Kanuni yenyewe si ngeni. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa usafiri wa ndege wa kimataifa, ulisharuhusu rekodi ya kielektroniki ishike nafasi ya hati ya karatasi, na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ikaifanya hati ya kielektroniki kuwa ndiyo ya kawaida tangu Januari 1, 2019 kwenye njia ambazo sheria zinaruhusu. Na sasa wanatusukuma kwenye mfumo wa ONE Record, ambapo badala ya kila mmoja kumtumia mwenzake nakala ya ujumbe, kila taarifa ya mzigo inakaa kwa mwenye nayo na wahusika wanaruhusiwa kuisoma hapo. Nalipenda wazo hilo kwa moyo wote. Nusu ya makosa ninayohangaika nayo ni ya taarifa ileile kuandikwa mara nne na watu wanne.

Tena data hii inakamata makosa ambayo zamani yalisafiri hadi bara jingine. Namba ya hati ya mzigo wa ndege ina tarakimu 11: tatu za shirika, saba za hati, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Unachukua zile saba, unagawa kwa 7, kinachobaki ndiyo tarakimu ya nane. Kwa mfano 1234567 ukigawa kwa 7 inabaki 5, basi namba inaishia na 5. Kwenye ghala la zamani kulikuwa na karani mmoja mama mtu mzima aliyekuwa akipiga hesabu hiyo kichwani huku anakunywa maji, anakurudishia hati yako bila kuinua macho: "Mwanangu, hii namba si ya kwako." Programu inafanya hivyo hivyo kwa kuweka rangi nyekundu. Inakuambia tu umekosea, lakini haikuambii kwamba umechanganya 6 na 9 kama mama yule alivyokuwa akijua.

Upande wa baridi ndiko walikofanya vizuri kuliko kote. Dawa nyingi ninazosafirisha zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Watu hudhani hatari iko angani. Hatari kubwa iko chini, pale paleti inapotolewa ghalani na kuachwa kwenye lami karibu na ndege, jua linaipiga na upakiaji umechelewa. Ghala la zamani lilikuwa na chumba kimoja cha baridi ambacho mlango wake ulikaa wazi kwa sababu foklifti zilipishana humo. Jengo jipya lina mlango wa kupokelea unaobana mgongo wa lori kwa mito ya mpira, unaingia moja kwa moja kwenye eneo la nyuzi 2 hadi 8, na jirani yake kuna eneo la nyuzi 15 hadi 25. Vihisi vinasoma joto la vyumba muda wote, na kirekodi kilicho ndani ya mzigo wangu kinatuma taarifa kwenye simu.

Usiku mmoja simu ikalia, kirekodi kinasema 7.4, kisha 7.6. Nilikuwa nimelala. Nikafungua ramani ya programu, nikaona paleti yangu imesimama kwenye ukumbi wa kutokea, nje ya chumba cha baridi, kwa sababu ndege imechelewa kutua. Kabla sijapata mtu wa kumpigia, alama ikasogea yenyewe kurudi chumbani. Mfumo ulishaona kuchelewa kwa ndege na kuamuru kitoroli cha roboti kiirudishe. Joto likashuka hadi 5. Kwa huduma hii peke yake ningewapa nyota sita kama zingekuwapo, maana dawa zikiharibika zinatupwa, na hakuna uchafuzi mjinga kama wa kurusha kitu angani kilomita elfu kadhaa kisha ukakichoma.

Foklifti zote ni za umeme. Hata hilo lina historia yake: betri za zamani za risasi na asidi zilitaka kama saa nane za kuchaji na nyingine nane za kupoa, kwa hiyo ghala lenye zamu tatu lilihitaji akiba ya betri na chumba maalumu. Hizi za lithiamu zinachomekwa mfanyakazi anapokwenda kupumzika, anarudi anaendelea. Kwangu mimi mteja maana yake ni ndogo ila nzuri: nikitoka mle, leso yangu bado nyeupe.

Plastiki bado ni aibu. Kila paleti kubwa ya ndege, ile ya sentimita 318 kwa 244, hufunikwa kwa nailoni kubwa dhidi ya mvua, inafungwa neti juu, na ikifika inapasuliwa na kutupwa. Wameanza kutumia vifuniko vinavyorudishwa, lakini kwa safari chache tu ambazo ghala la upande wa pili limekubali kuvirudisha. Zinazobaki ni nailoni ile ile, na bango la majani liko juu yake. Ningependa pia watuambie wazi ukubwa wa mambo. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za kaboni dioksidi, na safari moja ndefu huunguza makumi ya tani za mafuta. Taa za LED hazishindani na hilo. Kinachogusa mafuta kutoka ghalani ni uzito na mpangilio: kontena nyepesi badala ya zile nzito za alumini, na paleti iliyojazwa vizuri ili ndege isibebe hewa. Hapo vipimo vya leza vinasaidia kweli, kwa sababu programu ya kupanga mzigo inajua sentimita halisi na si za kufikirika.

Sasa jambo lililonitisha. Mwezi wa saba mfumo ulizima kwa saa nne. Kwenye ghala la zamani umeme ukikatika, makuli walichukua tochi wakatafuta boksi lako. Hapa boksi langu lilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, ghorofa kadhaa kwenda juu, ambako anafika mashine peke yake. Nililiona kwa macho. Nilijua ni langu kwa mkanda wa njano. Hakuna ngazi, hakuna mtu, na ndege ikaondoka bila hilo boksi. Nikakumbuka habari ya Hong Kong, Julai 1998, uwanja mpya ulipofunguliwa na mfumo wa ghala kubwa la mizigo ukagoma, mizigo ikabidi irudishwe kuhudumiwa uwanja wa zamani wa Kai Tak kwa wiki kadhaa. Miaka mingi imepita na swali ni lile lile: mashine ikilala, nani ana ufunguo? Niliandika malalamiko, wakanijibu kwa heshima na kunirudishia ada ya kuhifadhi. Mpango wao wa dharura hawakunionyesha, na nimeuomba mara mbili.

Na karatasi hazijaisha. Forodha za baadhi ya nchi bado zinataka nakala yenye mhuri, kwa hiyo bahasha inabandikwa kwenye mzigo kama zamani. Hilo siwatupii wao.

Je, ningerudi ghala la zamani? Hata kidogo. Ila wakiongeza mtu mmoja tu wa zamu ya usiku, mwenye macho na mamlaka ya kubadilisha kipimo, nitakuja kurekebisha hizi nyota. Kwa sasa nina miadi kesho saa 10:30 alfajiri, mlango namba 14, maboksi sita. Ncha za nailoni nimeshazikata zote mwenyewe kwa mkasi.