Riwaya ya ndani ya ndege iliyonikatisha tamaa mlangoni

Nilikuwa nimeamua kuandika neno moja tu: msikinunue. Na hasira yangu yote iko kwenye mpini mmoja wa mlango.

Sura ya 19. Ndege iko futi 35,000. Adui amebanwa upande wa nyuma, wahudumu wawili wanamkaribia. Anashika mpini, anauinua kwa mkono mmoja, mlango unafyatuka na watu watatu wanachomolewa nje. Hapo nilikifunga kitabu, ingawa baadaye nilikirudia nikakimaliza.

Mlango wa abiria haufunguki kwenye kimo hicho, hata wakiushika watu kumi. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa ili mwili ujisikie kama uko kwenye mlima wa futi 6,000 hadi 8,000, ilhali hewa ya nje ni nyepesi mno. Tofauti hiyo inausukuma ukuta wa ndege kwa nguvu ya zaidi ya nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Chukua mlango wenye eneo la mita moja na nusu ya mraba, piga hesabu: tani 8 hivi zinaukandamiza kwenye fremu yake. Tena milango mingi imeundwa kama kizibo. Kabla haijatoka nje ni lazima kwanza iingie ndani kidogo au ipande juu, kwa hiyo anayeufungua anashindana na tani zote hizo. Binadamu mwenye misuli hiyo hajazaliwa.

Msiniambie ni hadithi tu. Taharuki ya ndani ya ndege inatokana na masharti: hakuna pa kukimbilia, hakuna pa kutokea. Ukishamruhusu mtu afungue mlango kwa mkono mmoja, hofu yote ya sura 18 zilizotangulia imekwisha, maana angeweza kufanya hivyo tangu ukurasa wa kwanza.

Na wala haikuwa lazima! Mwandishi angeisogeza sura hiyo mpaka ndege inapokaribia kutua, ingesimama vizuri kabisa. Mei 2023, ndege ya Asiana ikiwa inakaribia kutua Daegu, Korea Kusini, abiria alifungua mlango wa dharura wakiwa futi 700 hivi juu ya ardhi. Ulifunguka kwa sababu karibu na ardhi tofauti ya hewa ya ndani na nje inakuwa karibu kwisha. Upepo ukavuma ndani, abiria wakashikilia viti, ndege ikatua na hakuna aliyekufa. Tukio la kutisha kama hilo, la kweli, nawe unaliacha?

Kinachofuata kinazidi kuniudhi. Mlango umeshafyatuka, halafu rubani msaidizi na mhudumu mkuu wanabishana kurasa nne nzima nani msaliti, bila vinyago vya oksijeni. Futi 35,000 bila oksijeni mtu ana sekunde 30 hadi 60 za akili timamu, na hewa ikitoka kwa ghafla hata hizo zinapungua. Vinyago vinadondoka, sawa, lakini kwenye ndege nyingi oksijeni haiji mpaka abiria akivute kinyago kwake. Kule kuvuta ndiko kunakowasha kifaa kinachotengeneza oksijeni kwa kemikali kilichoko juu ya kiti, nacho huisha baada ya dakika kama 15 hivi. Ndiyo maana rubani huvaa chake kwanza, kisha huishusha ndege upesi hadi futi 10,000. Humu ndege inabaki kulekule juu, watu wanabishana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwandishi huyu anajua. Sura ya 7, mhudumu anasukuma troli, anaona jambo kwenye kiti cha 14C, anakanyaga pedali nyekundu kufunga breki, troli inaziba njia ya katikati. Simu ya ndani inalia mlio mmoja. Anasubiri wa pili. Hauji. Nilisimamisha pumzi.

Sura ya 11 ndiyo usiseme. Mhudumu yuko mbele ya mlango wa chumba cha marubani, anabonyeza namba za dharura, kengele inalia ndani, sekunde zinahesabika. Aliye ndani akigeuza swichi ya kufunga, mlango haufunguki na kibodi inakufa kwa dakika kadhaa. Milango hiyo iliimarishwa baada ya Septemba 11, 2001, ili mtekaji asiingie. Machi 2015 rubani msaidizi wa shirika la ndege la Germanwings aliutumia kumfungia nahodha nje, akaigongesha ndege kwenye milima ya Alps huko Ufaransa, watu 150 wakafa. Mwandishi haelezi lolote kati ya hayo. Anakuonyesha kidole juu ya kibodi na taa nyekundu isiyogeuka kijani, basi. Nimeirudia sura hiyo mara tatu.

Kwa hiyo siwezi tena kusema msikinunue. Kwa sura ya 11 peke yake nakipa nyota nne. Nilitaka kuwashauri msome hadi sura ya 18, mruke moja kwa moja hadi ya 22. Lakini haiwezekani: anayechomolewa nje wa pili ni yule mhudumu wa troli, na fumbo lote la mwisho limefungwa kwenye kifo chake. Nyota mbili.