Bwawa la fremu: pesa yako ianzie chini

Assalaam aleikum, watazamaji wangu, karibuni tena. Niko uani kwetu hapa Bombo, Uganda, na duara hili la udongo mwekundu ndipo litakapokaa bwawa la watoto la kuogelea, lile la plastiki linaloshikiliwa na fremu, lenye kipenyo cha mita 3.66. Mmeniuliza kama bwawa lenyewe ni zuri. Ni zuri. Leo nachambua vinavyokaa chini yake, maana ndivyo vilivyonitesa.

Pigeni hesabu nami. Maji yakifika sentimita 60, humo ndani mna lita kama 6,300. Hizo ni tani sita na ushee, na kila mita ya mraba inabeba kilo 600. Mwaka jana upande wa bondeni ulikuwa chini, nikajaza udongo, nikaukanyagakanyaga, nikaridhika. Mvua za Aprili zilipokolea, ule udongo ukatitia. Asubuhi nakuta upande mmoja maji yanataka kumwagika, upande wa pili yamepungua kiganja kizima, miguu ya fremu imepinda. Nilimwaga maji yote niliyoyalipia, na watoto wanatazama. Iliniuma sana.

Kwa hiyo usijaze upande wa bondeni, chimba upande wa mlimani. Udongo ambao haujaguswa umeshashikana wenyewe.

Sasa kifaa ninachokipenda kuliko vyote: paipu ya levo. Tazameni, ni paipu nyembamba inayoonyesha ndani, mita kumi. Unaijaza maji, mmoja anashika ncha hii kwenye kigingi cha katikati, mwingine anazunguka na ncha ile. Maji yakitulia, kimo ni kimoja pande zote mbili, hata mkiwa mbali. Pimamaji fupi ukiihamisha mara sita, kosa dogo linakua. Ila paipu ikiwa na povu la hewa ndani, itakudanganya. Hili hapa, mnaliona? Ligonge kwa kidole mpaka lipande na kutoka.

Mchanga wa ziwa, ule unaoletwa na malori kutoka Lwera, kando ya Ziwa Victoria, ni laini na unafaa kulainisha juu, sentimita tatu hadi tano basi. Usiutumie kusawazisha mteremko, mvua itauchota pembeni. Chimba mfereji upande wa juu maji yapite kando. Na mchanga wenyewe uuchekeche! Nimetoa magamba ya konokono haya, guseni muone yanavyokata. Vumbi la kokoto hushikana vizuri zaidi ukilishindilia likiwa na unyevu, lakini linakwaruza, halitaki kugusana na plastiki.

Turubai lililokuja na bwawa sikuliamini, na sababu ni hii. Kamera isogee. Tundu hili halikutobolewa na jiwe, ni ncha ya ndago, lile gugu linalochipuka kutoka chini. Ilipita kwenye turubai, ikapita na kwenye plastiki ya bwawa. Kufyeka hakusaidii, chimbua mpaka vile viazi vyake vyeusi vya chini. Mimi safari hii natandika maturubai mawili mazito, na chini ya kila mguu wa fremu kigae cha zege kilichozikwa sawasawa na ardhi.

Mkimaliza, msijaze mpaka juu. Wekeni maji sentimita tano, mpime kwa rula pande nne. Tofauti ikizidi sentimita mbili na nusu, mwageni mchimbe tena, maji bado ni machache. Mwanangu, fungua bomba. Rula iko wapi?